Kwani Hawa Wanatuona? Dhana Potofu Kuhusu Kwenda Kutazama Mchezo wa Jukwaani

Mara ya kwanza nilipompeleka mama kutazama mchezo wa kuigiza Nairobi, alitulia kama dakika kumi hivi, kisha akaninong'oneza: "Kwani hawa wanatuona?" Nikamwambia wanatuona. Akaivuta leso yake begani, akaketi wima. Muda wote huo alikuwa amejiegemeza kama mtu aliye mbele ya televisheni sebuleni kwake.

Sijaulizwa swali zuri kuliko hilo kuhusu tamthilia. Karibu kila dhana potofu ninayoisikia kuhusu kwenda ukumbini inaanzia hapo: watu hudhani kati yao na jukwaa kuna kioo. Hakuna. Wewe uliyelipa tiketi umo ndani ya mchezo, na namna utakavyoketi, utakavyocheka na utakavyonyamaza itaubadilisha.

"Kiti bora ni cha mstari wa mbele kabisa"

Hiki ndicho watu hukimbilia. Lakini jukwaa la kawaida limeinuliwa, kwa hiyo ukiwa mstari wa kwanza unatazama juu saa mbili nzima na shingo inakulipisha. Mwigizaji akipiga magoti kule nyuma, unamwona nusu. Wawili wakizozana, mmoja upande huu na mwingine upande ule, unageuka huku na huku na mwisho unamkosa yule anayesikiliza, na mara nyingi yule anayesikiliza ndiye mwenye kisa.

Mwongozaji huwa ameketi wapi wakati wa mazoezi? Katikati ya ukumbi, mistari kadhaa nyuma. Picha yote imepangwa ili ionekane vizuri kutoka hapo. Nikinunua tiketi yangu natafuta kiti cha katikati, mstari wa tano au wa sita. Roshani nayo isidharauliwe, hasa mchezo ukiwa na ngoma, kwa maana ukiwa juu unaiona mipangilio ya wachezaji ambayo aliye chini haioni kabisa. Ninachokikwepa ni kiti cha pembeni kabisa. Hapo ukuta wa mandhari unaweza kukuficha robo ya jukwaa, na hakuna atakayekusimulia yaliyotokea huko.

Hata hivyo mstari wa mbele una raha yake. Unaona jasho, unaona koo likimeza mate kabla ya neno zito. Kwenye vichekesho unaweza hata kutupiwa swali, basi ukae ukijua.

London kuna ukumbi wa Globe, uliojengwa kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare, wa mwaka 1599, na kufunguliwa mwaka 1997. Nafasi zilizo karibu zaidi na jukwaa ni za kusimama, uani, bila paa, watu hadi 700, nazo ndizo za bei ya chini kuliko zote. Mvua ikinyesha unalowa, na miavuli hairuhusiwi kwa sababu ingewaziba walio nyuma. Hata onyesho la usiku hadhira haizimiwi taa, kwa hiyo mwigizaji anakuona uso kwa uso. Swali la mama lingejibiwa pale kabla hata halijaulizwa.

"Tamthilia ni mambo ya Wazungu"

Dhana hii haikuota bure. Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, ule unaotazamana na hoteli ya Norfolk, ulifunguliwa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, na kwa miaka mingi waliotamba hapo walikuwa walowezi na michezo yao. Mtu wa mitaa ya Waafrika kama Bahati au Kaloleni alikuwa na haki ya kuuona kama ukumbi wa wengine.

Lakini jukwaa lenyewe halikukubali kubaki hivyo. Oktoba 1976, katika ukumbi huohuo, ulichezwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na usiku wa kwanza hadhira iliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakatoka nje wakiimba. Mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000, wakaigiza kwa Kikuyu Ngaahika Ndeenda, mchezo alioandika Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yao yalifanyika hadharani. Mkulima aliyepita njia alisimama, akasikiliza, akasema mzee hazungumzi hivyo, na maneno yakarekebishwa. Kibali kilifutwa Novemba 1977, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Mchezo usiowagusa watu haupigwi marufuku. Mei 2022 mchezo huohuo ulirudi, safari hii ndani ya Ukumbi wa Kitaifa, ukachezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na niliona nyuso za watu wa rika la mama yangu zikiufuata kwa midomo.

Na wale wanaosema Kiswahili hakiwezi kumbeba Shakespeare, Mwalimu Nyerere alikwisha kuwajibu: alimtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, akafuata na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Aprili 2012 waigizaji kutoka Kenya walisimama kwenye jukwaa la Globe niliyoitaja na kucheza Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili, katika tamasha lililokusanya tamthilia 37 kwa lugha 37.

Kuhusu mavazi, sijawahi kumwona mtu akirudishwa mlangoni kwa kukosa suti. Vaa nguo safi, beba sweta.

"Ukumbini ni kunyamaza tu, kama uko kwenye mtihani"

Wapo wanaoogopa hata kucheka. Wapo pia wanaopiga soga kama wako kwa kinyozi. Wote wamekosea, na tofauti ni rahisi kuielewa ukishawahi kusimama nyuma ya pazia.

Nimewahi kusaidia kupanga vifaa vya jukwaani kwa kundi dogo. Ukiwa pale gizani unaisikia hadhira kama unavyosikia mvua juu ya mabati. Unajua ilipo nzito na ilipo nyepesi. Waigizaji wakitoka jukwaani kwa dakika moja kubadilisha maleba, yaani mavazi ya kuigizia, la kwanza wanaloambizana ni "leo wako nasi" au "leo wamelala." Hadhira ikiwa nao, kicheko kikipasuka, mwigizaji husubiri kishuke kidogo ndipo aseme neno linalofuata, akilisema mapema linamezwa. Pumzi anazovuta usiku huo zinapimwa na wewe. Ndiyo maana mchezo wa Ijumaa si mchezo wa Jumapili, ingawa maneno ni yaleyale.

Kwa hiyo cheka. Guna. Ukisema "aka!" mhusika anapofanya ukatili, hujaharibu kitu, umemjibu. Sisi ni watu wa hadithi za jioni, msimulizi akisema "paukwa" sharti apate "pakawa." Kinachoharibu ni mazungumzo yasiyoelekezwa jukwaani: kumsimulia jirani kitakachofuata, kupokea simu kwa sauti ya chini huku ukidhani sauti ya chini haisikiki, kufungua pakiti ya njugu taratibu. Ukiifungua taratibu inalia muda mrefu zaidi. Ifungue kabla taa hazijazimwa.

Simu ndiyo inayoniuma zaidi. Usiku mmoja mwigizaji msichana alikuwa peke yake jukwaani, amemshika mtoto aliyekufa, ambaye kwa hakika ni kanga iliyokunjwa. Mstari wa tatu simu ikawaka. Haikulia, iliwaka tu. Mwanga wa buluu ukampiga msichana kidevuni kutoka chini, akapepesa macho mara moja, na kanga ikarudi kuwa kanga. Aliyeiwasha alikuwa akitazama saa.

Wanaorekodi nao hujitetea kwamba wanawatangazia waigizaji. Kama unataka kuwatangaza, piga picha bango lililo mlangoni, au subiri wanapoinama kushukuru mwishoni, ukiruhusiwa. Katikati ya mchezo unachopata ni sauti ya mbali na nyuso zilizopauka, na aliyekusudia kununua tiketi kesho akiiona ataahirisha.

"Nimeshaisoma, sina haja ya kuitazama"

Wanafunzi wanaotahiniwa tamthilia hulisema hili sana, na hata walimu wengine. Kwenye kitabu kuna neno moja ndani ya mabano: *Kimya.* Jicho linaliruka. Jukwaani kimya hicho kinaweza kuwa mwanamke anayeokota vipande vya sahani kimoja kimoja huku mumewe akimtazama, na ukumbi mzima ukahesabu vipande. Mwandishi wa tamthilia aliandika akijua nusu ya kazi itamaliziwa na watu wengine. Msomeeni mtoto, halafu mpelekeni.

"Nikichelewa dakika kumi si neno, bado hawajaanza"

Huenda kweli hawajaanza. Kuchelewa kuanza ni ugonjwa wetu. Lakini wakianza, mhudumu ana sababu ya kukuzuia mlangoni hadi onyesho la kwanza ndani ya mchezo likatike. Mlango ukifunguliwa, mwanga wa nje unaingia hadi jukwaani, na watu sita wanasimama ili upite. Dakika za mwanzo ndizo mwandishi anazotumia kukuonyesha nani ni mtoto wa nani. Ukizikosa utamuuliza jirani, na jirani atajibu. Fika nusu saa kabla, hasa kama tiketi ulilipia kwa simu na bado unahitaji kuonyesha ujumbe mlangoni. Na taa zikiwaka katikati, msiondoke: ni mapumziko. Kila mara nawaona watu wawili watatu wakielekea maegeshoni na mwisho wa kisa wameuacha ndani.

"Mwigizaji ana deni la kutoka kutusalimu"

Mlango wa nyuma una desturi yake. Kwenye kumbi kubwa za London na New York watu hupanga foleni hapo kusubiri saini. Kwetu mara nyingi waigizaji hujitokeza tu uani, begi begani, wakitafuta maji ya kunywa. Hana deni. Ametoka kulia machozi ya kweli dakika ishirini zilizopita, anafuta rangi usoni, na huenda anawahi matatu ya mwisho. Mpe nafasi atoke mwenyewe. Akisimama, mpe mkono, mwambie hongera, mtajie sehemu moja iliyokugusa. Kumwambia "ulikuwa mzuri" kunapendeza, lakini "pale ulipoikunja barua bila kuisoma" atalala nalo. Picha, omba kwanza.

Usiku ule na mama tulisubiri karibu na lango. Kijana aliyekuwa ameigiza mfungwa aliyenyimwa chakula hadi akafa alitoka na wenzake, akicheka, mzima kabisa. Mama alimwangalia juu hadi chini, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akamuuliza, "umekula lakini?"

Kijana aliacha kucheka. Akasema, "Bado, mama." Tukaenda kutafuta chai pamoja.