Je, shida baada ya baraka ni alama ya dhambi?

Miongoni mwa baadhi ya Wakristo wa Unguja na Pemba ipo imani kwamba baraka ikifuatwa na shida, ama haikutoka kwa Mungu, ama aliyeipata ana dhambi ya siri. Mtu wa Wete avune karafuu vizuri, kisha mwanawe alazwe, jamaa huanza kuulizana kakosea wapi. Imani hii ina pa kushika: Kumbukumbu la Torati 28 huahidi baraka kwa utii na laana kwa uasi.

Ila maneno ya sura hiyo yaliambiwa taifa la Israeli, na kwingineko mambo huenda vingine. Yesu alipokwisha kubatizwa alipelekwa nyikani na Roho ili ajaribiwe. Kinachogusa zaidi, kwangu, ni 1 Wafalme 17. Mjane wa Sarepta unga wake haukwisha wala mafuta hayakupunguka, kisha mwanawe akaugua akafa. Mjane mwenyewe alidhani dhambi yake imekumbushwa. Nabii Eliya, aliyekuwa akikaa kwake, hakumtaka atubu. Alimtwaa mtoto, akamlilia Mungu, na mtoto akawa hai tena.

Anayetaka kuhakikisha asiishie kwenye mstari mmoja uliorushwa kwenye simu. Asome sura nzima na iliyotangulia, atazame nani anaambiwa. (Na mtoto mgonjwa apelekwe hospitali, maombi hayakatazi dawa.) Kisha asome Yohana 9:1-3, wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na jibu walilopewa.