Shule za Ubunifu: Wanacheza Tu?

Mzazi akiingia mara ya kwanza katika shule ya ubunifu hapa Kampala, yaani shule inayofundisha kwa vitendo na michezo, macho humtoka. Watoto wameketi mkekani, madaftari hayaonekani, mwalimu hayuko ubaoni. Anatoka akinung'unika: "Ada yote hii, na wanacheza tu!"

Hebu tumtazame mmoja wa watoto hao. Ana vifuniko vya soda vilivyotobolewa, anavitunga kumi kumi kwenye kamba ya mgomba. Kamba tatu zimejaa, vinne vimebaki pembeni. Mwalimu anamwambia atoe kumi na sita. Vinne havitoshi kutoa sita, kwa hiyo inabidi afungue kamba moja. Hiyo ndiyo hesabu ya kutoa kwa kukopa, ile ile ambayo watoto wengi huikariri ubaoni bila kujua hiyo "moja" imekopwa wapi. Mwalimu mzuri huandika aliyefungua kamba mwenyewe na aliyesubiri kuambiwa.

Wengine husema hizi ni shule za matajiri. Ada za baadhi yake ni kubwa kweli, sikatai. Ila Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyebuni mojawapo ya mifumo ya kufundisha kwa vitendo, alianza kazi hii mwaka 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, na shule ya kwanza ya Waldorf, mfumo mwingine wa aina hiyo, ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Vifuniko vya soda navyo, nani anavinunua?

Hofu yenye uzito ni ya mtihani. Shule ikifuata mtaala wa Uganda, wanafunzi wake watafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda), mwishoni mwa darasa la saba kama wenzao wote: masomo manne, na jumla bora kabisa ni 4, yaani daraja la 1 katika kila somo. Kwa hiyo uliza mapema watoto watafanyia mtihani kituo gani. Uliza pia darasa la sita na la saba husomaje, maana zipo shule ambazo ubunifu huishia hapo, kisha ni kukaririsha karatasi za zamani asubuhi hadi jioni.

Wala usidhani serikali iko upande mwingine. Tangu 2007 madarasa matatu ya kwanza yamekuwa yakifundishwa kwa mada, na kwa lugha ya eneo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka miradi, na waliofanya UCE (mtihani wa kidato cha nne) ya kwanza chini yake mwaka 2024, asilimia 20 ya alama zao ilitokana na kazi walizofanya shuleni.

Ukienda kukagua shule, nenda siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wageni. Chagua mtoto yeyote, umwulize mwalimu: huyu wiki iliyopita alikwama wapi, nawe ulimsaidiaje? Akibabaika, tafuta shule nyingine.