Kichanja cha Kobe wa Maji: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Wapo wafugaji wa kobe wa maji jijini Nairobi wanaoamini kwamba tangi likiwekwa kando ya dirisha, na jiwe moja likachomoza majini, basi mnyama amepata pa kuotea jua. Katika dhana zote, hii ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu anayeishikilia huwa anamtakia kobe wake mema. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya aina ya B, ambayo ngozi ya kobe huihitaji ili kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo mwili hushindwa kufyonza kalsiamu, hata chakula kikiwa nayo tele, na gamba huanza kulegea na kupinda. Taa maalumu ya miale hiyo ifungwe juu ya kichanja, yaani jukwaa kavu la kuotea jua, pasipo kioo wala plastiki katikati, na ibadilishwe muda wake ukifika ingawa bado inawaka, kwa kuwa miale hufifia kabla ya mwanga. Jiwe nalo halifai ikiwa tumbo la kobe linabaki majini, kwani gamba lisilokauka huota kuvu na kuoza.

Husemwa pia kwamba katika jiji lenye jua kama hili taa ya joto ni anasa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mawingu huweza kutanda tangu asubuhi hadi jioni. Kobe wa masikio mekundu, ambaye asili yake ni Marekani, huhitaji kichanja chenye nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, zikipimwa pale anapolala wala si ukutani.

Kuhusu vifaa, wengi hudhani kila kinachoelea kinafaa. Lile povu jeupe linalofungiwa televisheni huumwa vipande vipande, navyo vikaziba utumbo. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hutoa sumu. Saruji mpya huchafua maji kwa chokaa na kukwaruza tumbo. Paipu za plastiki za maji, zinazopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, ni bora na bei yake ni nafuu, mradi fremu ihimili uzito wa jike mzima anayeweza kupita sentimita 25 kwa urefu. Silikoni ya kugundishia isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu.

Wengine hudai kwamba kobe wa maji hawezi kufa maji. Hupumua kwa mapafu, na akinaswa kati ya kichanja na kioo cha tangi hufa kama mnyama mwingine yeyote. Nafasi hiyo ama izibwe kabisa, ama iwe pana kiasi cha kobe mzima kupita na kugeuka bila kukwama.