Kuzima swichi hakuzuii betri ya karavani kuisha

Huko Uingereza, karavani nyingi (nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari) huegeshwa bila kutumika msimu wote wa baridi, na wenye nazo huamini kwamba wakishazima swichi kuu, betri ya ndani itakaa na chaji yake hadi machipuko. Sivyo.

Swichi hiyo hukata taa na pampu ya maji, lakini king'ora cha wizi na kifaa cha kufuatilia karavani ikiibwa mara nyingi huunganishwa moja kwa moja na betri. Chukua vifaa vinavyokula ampea 0.05 tu. Kwa siku ni ampea-saa 1.2 (ampea mara saa, kipimo cha chaji), betri ya ampea-saa 90 itakuwa imefika nusu ndani ya wiki tano hivi. Na hata ukiichomoa kabisa, betri ya risasi (ile metali) na asidi hujipunguza yenyewe polepole.

Hasara kubwa ni kuiacha tupu. Fuwele za salfeti hugandamana kwenye bamba zake, na ikikaa hivyo miezi, chaja haitairudisha ilivyokuwa. Tena asidi ya betri tupu huganda upesi zaidi kwenye baridi kali.

Kwa hiyo ijaze kwanza, kisha ipime kwa mita kila mwezi: volti 12.7 imejaa, 12.4 ichaji bila kungoja. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji ni bora zaidi, kwa maoni yangu, maana king'ora kinabaki hai, na baadhi ya bima hudai hivyo. Ukiamua kuichomoa, anza na waya hasi.