Shaba ya Katanga haikuanza na Wazungu

Hapa Lubumbashi wengi bado tunaambiana kwamba shaba yetu iligunduliwa na Wabelgiji, kampuni yao ya madini, Union Minière, ilipoundwa mwaka 1906. Si kweli. Karne nyingi kabla yao, wazee wetu walichimba malakiti, yale mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuru za udongo wa kichuguu. Walitengeneza misalaba ya shaba, iliyokuja kutumika kama fedha, hata kwa mahari. Mingi imefukuliwa katika makaburi ya kale kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale.

Kinachonigusa zaidi ni kalenda yao. Walichimba kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Mvua zikikaribia, walirudi shambani. Mgodi haukumnyang'anya mtu jembe. Leo unga wetu mwingi unatoka Zambia.