Sentela na jeraha la jembe: maswali ninayoulizwa chumba cha vidonda

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku milima ya Usambara. Wagonjwa huniita daktari, na nimeshachoka kuwasahihisha. Kazi yangu kubwa ni kuosha na kufunga vidonda. Mara kwa mara nafungua kitambaa alichojifunga mtu nyumbani na kukuta tope la kijani: majani yaliyotwangwa, yakakaukia humo, yakashikamana na damu na usaha. Haya ni maswali ninayoulizwa wakati nalibandua.

Mmea wenyewe ni upi?

Ni ule mdogo unaotambaa kwenye nyasi zenye unyevu kando ya vijito, mifereji na mabondeni. Jani lake ni la mviringo lenye pengo upande wa kikonyo, mfano wa figo, na kingo zake zina meno madogo. Shina hutambaa chini na kuotesha mizizi kila kwenye kifundo. Ua ni dogo mno, jeupe lililoingia wekundu, limejificha chini ya majani. Wengi wanaouchuma kila siku hawajawahi kuliona. Wataalamu wa mimea wanauita Centella asiatica. Hapa nitauita sentela. Ni wa ukoo mmoja na karoti, giligilani na shamari.

Si kweli kwamba unaponya vidonda?

Kuna ukweli ndani yake, na sitaki kumvunjia heshima bibi yako. Madagaska, ambako mmea huu unaitwa talapetraka, ulitumika kwa vidonda tangu zamani, na mwaka 1941 kiini chake kimoja kilitengwa kwenye maabara, kikapewa jina la asiatikosidi. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 ulijaribiwa kwa vidonda vya wagonjwa wa ukoma. Viini vyake huchochea mwili utengeneze kolajeni, ile nyuzi inayoshikiza ngozi mpya. Ndiyo maana leo kuna marhamu za dukani zenye sentela.

Lakini marhamu ile imetoka kiwandani. Mmea umechujwa, kiini kimetolewa, kimepimwa, kimetiwa kwenye tyubu safi. Wewe umeuchuma pale ng'ombe wanapokunywa maji, umeutwanga juu ya jiwe la kunolea panga, umeubandika kwenye nyama iliyo wazi. Jina la mmea ni lile lile. Dawa si ile ile.

Ubaya wake ni nini hasa?

Pepopunda. Kama utasahau yote mengine, shika hilo.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, vikiwa ndani ya ganda gumu linaloviwezesha kuishi humo miaka. Sentela hutambaa chini, mizizi na majani vikigusa udongo huohuo. Ukibandika majani kwenye jeraha unakuwa umevichukua ulipovikuta na kuvipandikiza mwilini. Kisha unafunga kitambaa kwa nguvu ili hewa isiingie, na vijidudu hivi hustawi mahali pasipo na hewa. Umewaandalia kitanda na umefunga mlango.

Nimeyaosha majani, tena nimeyachemsha.

Bado. Lile ganda huweza kustahimili maji yanayochemka, na kuosha hakuondoi kila kitu kwenye mikunjo ya jani. Usibandike majani kwenye jeraha lililo wazi. Yaliyooshwa, yaliyochemshwa, yaliyokaushwa, yaliyoombewa: usibandike.

Msumari haukuwa na kutu.

Kutu haina kosa. Udongo ndio wenye kosa. Mwiba wa mchongoma unatosha, na panga jipya kutoka dukani linatosha likishagusa shamba.

Damu imekata na maumivu yamepungua. Kuna haja gani ya kuja?

Hapa ndipo ninapokosa subira. Jeraha la pepopunda mara nyingi ni dogo, limefunga juu, na mwenyewe ameshalisahau. Dalili huja kati ya siku 3 na 21, mara nyingi karibu na siku ya 8 au ya 10. Mtu anaanza kwa kusema taya limekaza, hawezi kufungua kinywa ale ugali. Kisha shingo, kisha mgongo unajipinda kama upinde, na kila kelele au mwanga unamshtua mwili mzima ukakakamaa. Akili inabaki timamu. Anasikia kila kitu. Jamaa wanaona mshtuko huo, wanakumbuka neno "pepo" lililomo kwenye jina la ugonjwa, wanampeleka kwa mganga. Siku mbili nyingine zinapotea.

Kwa hiyo jibu: njoo siku ileile uliyoumia. Hata kama damu imekata. Hata kama haliumi. Siku ileile.

Kuna sababu ya pili. Jeraha jipya la panga likisafishwa mapema linaweza kushonwa, na kovu likawa uzi tu. Ukikaa nalo siku tatu chini ya majani hatulishoni tena, maana tutakuwa tunafungia usaha ndani. Tunaliacha wazi lijae nyama kutoka chini, utakuja kubadilishiwa bandeji wiki kadhaa, na msimu wa kulima utakupita umekaa barazani.

Si nilichanjwa nikiwa mtoto?

Vizuri. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya pepopunda ndani yake, ila kinga hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Akina mama huipata tena kliniki wakiwa wajawazito. Kwa anayeanza ukubwani, ratiba kamili ni dozi 5 zilizopangwa kwa vipindi. Akina baba, ninyi nani anawapeleka kliniki? Mwanaume wa miaka 45 anayeshika jembe kila siku, sindano yake ya mwisho aliichoma akiwa mgongoni kwa mama yake, na ndiye anayekuja amechelewa kuliko wote. Jeraha likiwa chafu na sindano yako ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, utachomwa nyingine. Usipokumbuka, tutakuhesabu kama hujachanjwa. Na usidhani aliyepona pepopunda amepata kinga: naye huchanjwa.

Bibi alitumia majani haya maisha yake yote na hakuna aliyekufa.

Mzee mmoja aliniambia hivyo nikiwa namsafisha mguu, nikamuuliza ndugu zake walikuwa wangapi. Akataja tisa. Nikamuuliza wangapi walikua. Watano. Wanne walikufaje? "Wadogo tu, degedege." Hatukuendelea. Siwezi kujua kilichowaua. Ninachojua ni kwamba zamani mtoto mchanga aliyekakamaa akafa hakuandikwa popote, na hakuna aliyekumbuka alichopakwa kitovuni.

Na kitovu cha mtoto?

Hapana. Sentela hapana, majivu hapana, samli hapana, kinyesi cha ng'ombe ndiyo usiniambie kabisa. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, na kama kliniki wamekupa dawa ya kukipaka, paka hiyo tu. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri siku mbili za kwanza kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya na kukakamaa, huyo apelekwe hospitali muda huohuo, usiku usiku. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya watoto wachanga, maana yake ni chini ya mtoto 1 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Udongo haujatokomezwa. Ukiacha chanjo na kurudia majivu, ugonjwa unarudi.

Nimeumia sasa hivi shambani. Nifanye nini?

Damu ikitoka kwa wingi, chukua kitambaa safi kuliko vyote ulivyo navyo, bonyeza kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia. Watu hawawezi kuacha kuchungulia. Damu ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, hata ya kipande, mpaka usione udongo. Itauma. Kitu kilichozama ndani usikichomoe mwenyewe. Funika kwa kitambaa safi kikavu, usikaze kupita kiasi, anza safari.

Usimwage mafuta ya taa. Usipasue vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake. Vile ni vya kumeza, tena kwa maelekezo.

Mwanangu ameungua na uji.

Maji baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, kisha funika kwa kitambaa safi, mlete. Majani, dawa ya meno na ute wa yai hufunga joto ndani, nami nitalazimika kuvikwangua mtoto akilia. Umenitesa mimi pamoja naye.

Nina kisukari, na kidonda cha mguuni hakiumi.

Kutouma ndiko kunakonitisha. Sukari imeua hisia za mguu, ndiyo maana husikii. Kidonda ndugu cha namna hii hakitibiwi kwa majani wala kwa marhamu peke yake, hata iwe ya sentela ya kiwandani. Sukari ishushwe, mguu uangaliwe, usaha uondolewe. Waliokatwa miguu niliowahudumia, karibu wote walianza na "kidonda kidogo hakiumi".

Naweza kunywa chai yake?

Jani moja mbili kwenye mboga, kama limetoka mahali pasafi, sina ugomvi nalo. Ila mmea huu hupenda mifereji, na hufyonza uchafu uliomo, hivyo usiuchume chini ya choo cha jirani. Kunywa vikombe kila siku kwa wiki nyingi ili upungue unene ni jambo jingine: mwaka 2005 madaktari wa Argentina waliripoti wanawake 3 walioutumia kati ya siku 20 na 60, macho yakawa ya njano na ini likaumia. Walipoacha walipona. Mjamzito na mwenye shida ya ini wasiunywe.

Nimeshabandika, leo ni siku ya nne. Naona aibu kuja.

Njoo hivyohivyo. Usiyabandue ukiwa njiani ili nisione, utajichubua na nitajua tu kwa rangi ya ngozi. Niambie ulichopaka, lini, na kama kuna kingine ulichochanganya. Tutaosha, utachomwa sindano, utapangiwa siku ya kurudi. Taya likianza kukaza usipitie kwangu kabisa, nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya. Pikipiki ipo, na dereva utamlipa hata kesho.