Kiazi baridi kabla ya kushuka kitandani: maswali ya kichefuchefu cha mimba

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki kwenye benchi la kliniki ya wajawazito hapa Moshi. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, mengine huulizwa na mama mkwe aliyemsindikiza mke wa mwanawe. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu pale.

Mimba ina wiki saba. Nikiamka tu natapika, hata kabla sijaweka kitu mdomoni. Tumbo tupu linatapika nini?

Linatapika kwa sababu ni tupu, dada. Usiku kucha hujala, sukari kwenye damu imeshuka, na asidi ya tumboni imebaki peke yake. Ukinyanyuka ghafla katika hali hiyo, lazima ukimbilie ndoo.

Jaribu hivi. Jioni chemsha kiazi kitamu, kimenye, kikate vipande vya ukubwa wa kidole, kiache kipoe kabisa. Kiweke kwenye kisahani kilichofunikwa, juu ya kigoda karibu na kitanda, mahali mkono unapofika bila kuinua kichwa. Asubuhi, kabla hujashusha miguu, tafuna vipande viwili polepole. Tulia kama dakika 20. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Nasisitiza kiwe cha baridi kwa sababu harufu hupanda na mvuke, na katika wiki hizi pua ya mjamzito husikia mambo ambayo wengine hawayasikii. Kama huna kiazi, mkate mkavu au ndizi ya kuchoma iliyopoa inafaa.

Baada ya hapo usiliache tumbo likae tupu mchana kutwa. Kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kiasi cha kiganja. Wengi hujitahidi kwa uji na chai tu, halafu saa nne wanaanza upya kutapika. Ongeza kitu kinachokaa tumboni: yai la kuchemsha, karanga, maharage yaliyoiva vizuri. Maji na chai vinywe katikati ya milo, si pamoja na chakula. Ukiamka usiku kwenda chooni, tafuna kipande kimoja cha kiazi ukirudi.

Mama mkwe ananiletea mtori wa moto, bakuli zima. Nikisikia harufu nakimbia nje. Anasema nadeka.

Hudeki. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu homoni inayoitwa GDF15. Wakati wa mimba homoni hiyo hutoka zaidi kwa mtoto na kondo la nyuma, huingia kwenye damu ya mama, na kuamsha kichefuchefu kwenye ubongo. Mwanamke aliyekuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba ndiye anayeteseka zaidi. Ndiyo maana ndugu wawili waliolelewa nyumba moja wanaweza kupishana kabisa: mmoja hupita miezi yake akiuza sokoni Mbuyuni kama kawaida, mwingine hainuki kitandani.

Mama mkwe naye, nakuomba kwa heshima, usiumie moyo. Mtori wako hauna kosa. Shida ni mafuta ya ng'ombe na ule mvuke. Upike mwepesi, engua mafuta juu, uache upoe, umpe kikombe kimoja cha chai badala ya bakuli. Akikataa, mpondee ndizi laini na maziwa mgando. Kwa wenzetu wa upande wa Arusha, loshoro iliyopoa, yaani mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando, huwa inakaa vizuri sana tumboni. Ila maziwa yawe yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa brusela, na ugonjwa huo unaweza kuharibu mimba. Na kwa wiki hizi chache, kukaanga vitunguu na kuchemsha dagaa kufanywe na mtu mwingine, mume akiwemo.

Tangawizi inafaa? Wengine wanasema inatoa mimba.

Kwa kiasi cha chakula inafaa, na ni kati ya vitu vichache vya jikoni vilivyopimwa kwa wajawazito na kuonekana kupunguza kichefuchefu. Kiasi kilichotumika zaidi ni karibu gramu 1 ya unga wake kwa siku nzima, yaani kama nusu kijiko cha chai, iliyogawanywa mara tatu au nne. Ukitumia mbichi, weka slesi nyembamba mbili tatu kwenye kikombe cha maji ya moto, funika, kunywa ikipoa. Usichemshe fungu zima hadi koo liwake, kwani utaongeza kiungulia. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza.

Ndimu na embe mbichi?

Kula. Nusa hata ganda la limau ukiwa kwenye daladala. Ukishatapika, sukutua kwa maji tu kwanza, mswaki usubiri kidogo, maana asidi imelainisha meno.

Udongo ndio unaonituliza. Kipande kimoja tu cha pemba kwa siku.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa nakupenda. Ule udongo unaouzwa vipande sokoni hushika madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu, na wewe sasa unahitaji damu kuliko wakati wowote. Unaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, pamoja na mayai ya minyoo. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo usiifiche. Mwambie muuguzi akupime. Mdomo ukitaka kitu cha kutafuna, weka karanga za kukaanga kwenye mkoba.

Vidonge vya kuongeza damu vinanitapisha. Niviache?

Usiviache kimyakimya. Vina foliki asidi pia, na mgongo wa mtoto unajengwa katika wiki hizi za mwanzo. Meza usiku baada ya kula, ukienda kulala, bila chai, maana chai huzuia chuma kuingia. Bado vikikushinda, rudi kliniki useme. Kuna namna ya kubadilisha dozi, na kuna vitamini B6 na dawa nyingine salama za kutapika ambazo mhudumu anaweza kukuandikia.

Itaisha lini, na lini niende hospitali?

Kwa wengi huanza karibu wiki ya sita, huzidi kati ya ya nane na ya kumi, na hupungua hadi wiki ya 16 au 20.

Usisubiri tarehe hizo kama hata maji hayakai kwa siku nzima, mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, ukisimama unaona kizunguzungu, nguo zinakulegea, au umetapika damu. Hapo chakula kimeshindwa kazi, unahitaji dripu na dawa. Ukiwa na homa, usiseme ni mimba tu; malaria ipo huku kwetu tambarare, nayo hutapisha vilevile. Kutapika kunakoanza mimba ikiwa kubwa, pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wakati gari linatafutwa, changanya pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na lita 1 ya maji safi. Kama haipo, weka kwenye lita hiyo vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa juu, si kilima. Usinywe kwa glasi. Mtu akunyweshe kijiko kimoja kimoja, kila baada ya dakika mbili tatu, na ukitapika, asubiri dakika kumi kisha aendelee kukunywesha.